Barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza: nafasi za wanafunzi ziwekwe hadharani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na halmashauri zote za mkoa wetu. Wakuu wa vyuo vikuu na vyuo vingine vya elimu ya juu. Na mameneja wa viwanda, benki, mamlaka za umma na miradi inayoendelea mkoani.

YAH: WANAFUNZI WA VYUO KUJIFUNZA KAZI NJE YA DARASA

Shikamooni waheshimiwa.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninaendesha steshenari ndogo upande wa Nyegezi, jirani na wanafunzi. Mimi mwenyewe ni mhitimu wa chuo kikuu. Kutwa nzima ninachapa, ninadurufu na kufunga ripoti, kwa hiyo barua nyingi za vijana mnazozipokea ofisini kwenu zimepitia mezani kwangu kwanza. Najua zinavyoandikwa. Najua pia zinavyojibiwa, maana aliyekataliwa hurudi kuchapa nyingine, na ambaye hakujibiwa kabisa hurudi kuchapa kadhaa kwa mpigo.

Ombi langu nalisema mapema ili msilitafute. Kila ofisi, kiwanda na mradi mkoani Mwanza unaoweza kumpokea mwanafunzi utangaze hadharani, kabla ya likizo ndefu, una nafasi ngapi, za fani zipi, nani atawasimamia vijana hao na watafanya kazi gani. Tangazo libandikwe mahali ambapo mtoto wa mtu yeyote anaweza kulisoma. Mengine yote nitakayoyaandika hapa yanazaliwa na ombi hilo.

Nieleze kwanza hali ilivyo leo. Muhula wa pili ukishachanganya, mwanafunzi anakuja na barua ya utambulisho aliyopewa chuoni kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, fildi kama tunavyoita wote. Anaidurufu, anazitia nakala kwenye bahasha za kaki, anapanda daladala hadi mjini na kuanza kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine. Getini mlinzi anamuuliza, "Unaonana na nani?" Hana wa kumtaja. Akifanikiwa kuingia, masijala wanagonga muhuri wa kupokea na kumwambia atapigiwa simu. Wiki zinapita. Akirudi kuulizia anaambiwa barua iko kwa afisa utumishi, na afisa utumishi yuko safarini. Wakati huohuo kuna mwenzake ambaye shangazi yake anafanya kazi katika jengo lilelile. Huyo hakupeleka barua kabisa. Ameshaambiwa siku ya kuripoti, na barua yake inachapwa baadaye ili faili likamilike. Barua za namna hiyo huja mezani kwangu kila msimu.

Simlaumu shangazi. Kumsaidia mtoto wa ndugu yako ni jambo la kibinadamu. Lakini ofisi isiyotangaza nafasi zake imemwachia shangazi kazi ya kuchagua, na anayeumia ni kijana wa Ukerewe, wa Buchosa au wa Kwimba, mtoto wa mvuvi au mkulima wa pamba, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Huyu hana hata mtu mmoja anayemfahamu nyuma ya madawati ya mjini. Ana alama nzuri, nidhamu, na barua yenye muhuri wa chuo. Wazazi wake wameuza ng'ombe. Anamaliza mzunguko wake wote wa ofisi na kuishia kupokelewa mahali ambapo hata fani yake haipo, ili tu apate saini kwenye logibuku, daftari la kuandika kazi alizofanya kila siku.

Na hata hao wanaopata nafasi, wengi hawapewi kazi. Wanakaa kwenye benchi, wanapanga mafaili, wanatumwa kudurufu karatasi. Huyu ni mwanafunzi wa uchumi, wa uhasibu, wa sosholojia, anayekaribia kumaliza shahada. Wiki ya mwisho anakuja kwangu kukaa kona ya duka na kujaza logibuku nzima kwa kukisia alichofanya, kwa sababu hakuna aliyempangia cha kufanya tangu siku ya kwanza.

Waheshimiwa, njia nyingine tunaiona kila siku pale mlimani Bugando. Chuo chetu cha sayansi za afya kiko ubavuni mwa hospitali. Mwanafunzi wa udaktari anasoma miaka 5, na sehemu kubwa ya miaka hiyo anazunguka wodini pamoja na madaktari bingwa, anauliza, anaulizwa, anasahihishwa mbele ya wenzake. Akihitimu bado ana mwaka mmoja wa utarajali kabla ya kuaminiwa peke yake. Hakuna mwananchi anayelalamika kwamba huo ni usumbufu kwa hospitali, kwa kuwa sote tunajua siku moja huyo ndiye atakayetushonea jeraha. Basi mhasibu atakayeshika fedha za madarasa na zahanati zetu naye anatugusa. Afisa uvuvi anatugusa. Mwanasheria, mhandisi wa maji, afisa maendeleo ya jamii, mwandishi wa habari, wote kazi zao zitaingia nyumbani kwetu. Kwa nini mmoja tumpe miaka wodini na hawa wengine tuwape wiki chache kwenye benchi?

Mtu asiseme kwamba Mwanza hatuna pa kujifunzia. Tumekaa kando ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Tuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, tuna chuo cha uvuvi pale Nyegezi, tuna NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika utafiti katika vijiji vya mkoa huu, na matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ya afya ilijifunza jambo kutoka kwenye zahanati zetu za vijijini. Mwanafunzi wa Mwanza anayemaliza chuo bila kuusikia utafiti ule, wala kukanyaga mahali ulipofanyika, amenyimwa kitu kilicho chake.

Tuchukue soko moja tu, Mwaloni Kirumba. Dagaa ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani humu, na wanaopita Mwaloni wanafika mpaka Kongo. Lakini wanaanikwa juani, wengi kwenye mchanga, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mali inaharibika, na dagaa ambao wangeliwa na watu wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama anayeanika dagaa anajua hasara yake kwa maumivu, ila hana daftari linalomwonyesha ni kiasi gani kwa mwaka. Mwanafunzi wa uhasibu angemtengenezea daftari hilo. Mwanafunzi wa uchumi angefuatilia bei ya gunia msimu wa kiangazi na wa masika na kueleza nani anabaki na faida. Wa uhandisi angepima ni vichanja vya namna gani vinakausha haraka na kwa gharama ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuimudu. Wa sheria angekaa na mabaharia wa mitumbwi na kusikiliza mapatano yao na mwenye chombo, ambayo mara nyingi ni ya mdomo tu, na siku ya kugawana ndipo ugomvi unapoanza. Wa uandishi wa habari angetuletea sauti zao redioni. Fani tano, soko moja, nauli ya daladala moja au mbili kutoka chuoni. Kinachokosekana ni Manispaa ya Ilemela, viongozi wa soko, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo na rasilimali za uvuvi) na vyuo kukaa meza moja na kusema: mwaka huu tunapokea vijana kadhaa, swali letu ni hili, tunataka jibu kabla chuo hakijafunguliwa.

Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinaanguka kwa sababu ndogo sana: hakuna anayetunza kumbukumbu, na mweka hazina anaandika kichwani. Halmashauri ina maafisa maendeleo wachache na vikundi vingi vilivyotawanyika kwenye kata. Vyuo vina mamia ya wanafunzi wanaosoma utunzaji wa hesabu. Mpeni kila mwanafunzi vikundi viwili vya kulea kwa kipindi chote cha fildi, na mkadirie kazi yake kwa hali ya vitabu vya vikundi hivyo siku anapoondoka. Hilo halihitaji jengo jipya wala mgeni kutoka mbali.

Jambo hili si geni katika ukanda wa ziwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma na kuamua, pamoja na mengine, kwamba kijana asitoke kidato cha 6 na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Aende JKT, afanye kazi, ndipo aombe chuo. Siombi utaratibu ule urudi. Uliwachelewesha vijana, na uliwaumiza zaidi wasichana hadi ikabidi waondolewe sharti hilo. Lakini walioketi Musoma waliona kwamba kumkutanisha msomi na kazi ni wajibu wa nchi. Leo wajibu huo tumemtwika mwanafunzi na bahasha yake ya kaki.

Naomba niseme na juu ya tafiti, maana hizi nazifunga kwa mikono yangu. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaandika ripoti ya utafiti. Mada zinajirudia kwa kiasi cha kusikitisha: athari za mitandao ya kijamii, sababu za utoro, changamoto za wajasiriamali. Kata inabadilika, maneno yanabaki yaleyale. Si uvivu wa vijana. Hakuna aliyewapa swali. Na halmashauri zina maswali mpaka hazijui pa kuyaweka. Kwa nini machinga anapewa kizimba sokoni kisha anarudi barabarani? Takataka zinazoingia Mto Mirongo na kutelemka hadi ziwani zinatoka mitaa gani hasa, na siku zipi? Kaya za milimani, Mabatini na Igogo, zinapata wapi maji bomba linapokauka, na zinalipa kiasi gani kwa ndoo? Watoto wa shule za mwaloni wanakwepaje kichocho wakati maji ya kuoga, kufulia na kuchezea ni yaleyale ya ziwa?

Kila halmashauri ichapishe maswali yake kila mwaka. Mwanafunzi achague moja, asimamiwe na mwalimu wake pamoja na mtaalamu mmoja wa halmashauri, na akimaliza asimame mbele ya wataalamu hao aeleze alichokikuta. Kwa sasa nakala moja ya ripoti inakwenda idarani na nyingine inabaki kwa mwanafunzi. Ofisi ya kata ambako watu waliacha shughuli zao wakajibu madodoso haipati hata ukurasa mmoja. Jambo hilo linaniuma kila ninapokata karatasi za jalada.

Kwa miradi mikubwa nitasema kwa kifupi. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, limejengwa mbele ya macho yetu na kufunguliwa Juni 2025. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, bado inajengwa. Nafasi ya kuona nguzo ikisimamishwa ndani ya maji haijirudii kila kizazi. Kila mkataba wa ujenzi unaosainiwa mkoani uwe na kifungu kinachotaja idadi ya wanafunzi watakaopokelewa kila mwaka, wa uhandisi na hata wa manunuzi, ugavi na mazingira, na idadi hiyo ikaguliwe kama vinavyokaguliwa vifungu vingine.

Nawaelewa mameneja wa viwanda vya samaki wanaosita. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja kwa sababu za usalama wa chakula, na waliopoteza kazi enzi zile hawajasahau. Kiwanda hakiwezi kumwingiza mtu yeyote kwenye chumba cha minofu kwa sababu tu ana barua ya chuo. Hapo ndipo vyuo vinapaswa kutimiza sehemu yao. Mwanafunzi apimwe afya, afundishwe kanuni za usafi wa kiwanda na awe na bima kabla hajafika getini. Anayekwenda visiwani au kwenye vizimba vya samaki apewe jaketi la kuokolea maisha, na chuo kijue amepanda chombo gani. Mkoa uliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 hauhitaji kukumbushwa sababu.

Vyuo pia vina deni la usimamizi. Kuna msimamizi anayefika, anasaini logibuku akiwa amesimama, kisha anaondoka. Kuna anayepiga simu tu. Sijasahau kwamba walimu ni wachache na wanafunzi wametawanyika nchi nzima, lakini wengi wakibaki hapahapa mkoani kwenye nafasi zilizotangazwa, mwalimu mmoja ataweza kupita Nyakato asubuhi na Igoma mchana na kukaa na kila kijana kwa utulivu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanalikwepa. Wasichana wananieleza mambo dukani wakati mashine inachapa. Nafasi inapokuwa siri ya mtu mmoja, mtu huyo anaweza kuiuza, na kwa binti malipo yanayotajwa si fedha kila mara. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Binti wa miaka 21 anayehitaji saini ili ahitimu hana ujasiri wa kwenda TAKUKURU peke yake kumshitaki mtu mwenye umri wa baba yake. Orodha iliyobandikwa ukutani, yenye vigezo na majina ya waliochaguliwa, inampunguzia mtu huyo nguvu kabla hajafungua mdomo. Pamoja na orodha, kila chuo kiteue mwalimu mmoja mwanamke ambaye namba yake ya simu inachapwa kwenye barua ya utambulisho yenyewe. Mimi ndiye ninayezichapa barua hizo; mstari mmoja zaidi haugharimu kitu.

Na fedha. Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wanaostahili mkopo, lakini wasio na mkopo wapo wengi, na kwa hao nauli ya kutoka Malimbe hadi mjini kila siku pamoja na chakula cha mchana ni mzigo mkubwa. Nimewaona wanaoacha kuripoti siku za Ijumaa kwa sababu fedha zimeisha Alhamisi. Fildi kwa kawaida huangukia mwanzoni mwa mwaka wa fedha wa serikali, ambao huanza Julai 1. Kwa hiyo mkitaka kumlipia kijana nauli, fungu hilo liingie kwenye bajeti inayopitishwa na madiwani miezi kadhaa kabla. Likisubiri Julai limeshachelewa. Waheshimiwa madiwani, naomba mwulize swali hilo kwenye vikao vyenu: fungu la wanafunzi liko ukurasa gani?

Najua zipo programu za mafunzo kazini kwa waliokwisha hitimu, zikiwemo za TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na ni jambo jema. Ila mhitimu anayeanza kuigusa kazi baada ya kuvaa joho ameshapoteza miaka mitatu aliyokuwa karibu na walimu wa kumsahihisha. VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo wapo pale Nyakato. Vyuo vikikubaliana nao kozi fupi za jioni na Jumamosi, mwanafunzi wa biashara anaweza kuhitimu akiwa anajua kufunga mfumo wa umeme jua au kusindika samaki, na kozi hiyo iandikwe kwenye rekodi yake.

Ninachoomba kianze mwaka huu ni hiki. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa iziandikie ofisi zote za umma, na kuzialika kampuni binafsi, zilete nafasi zao kufikia mwisho wa Machi. Orodha ya mkoa mzima itoke kabla ya katikati ya Aprili, kwenye tovuti za halmashauri, mbao za matangazo za vyuo vyote, Maktaba ya Mkoa, ofisi za kata na stendi ya Nyegezi. Maombi yapokelewe mahali pamoja kwa kila halmashauri, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe palepale mwezi Juni. Mwezi Oktoba kila ofisi iseme hadharani iliwapokea wangapi na walifanya nini.

Nakala moja ya orodha hiyo nileteeni mimi. Nitaibandika mlangoni, na atakayetaka yake nitamdurufia bure.

Wenu,
Mwenye steshenari,
Nyegezi, Mwanza